Dari niliiweza, ploti imenishinda

UANI NA SOMO: barua za wenye bustani, kubwa kwa ndogo

Assalaam aleikum Somo,

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, nimeolewa Kibokoni, na kwa miaka 19 nimekaa ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ya wakwe zangu humo humo Mji wa Kale, Mombasa. Juu yetu kulikuwa na dari, futi 20 kwa 12 hivi, ina ukuta wa kunifika kifuani pande zote nne. Hiyo ndiyo iliyokuwa bustani yangu. Vyungu 31, nilivijua kwa hesabu, ingawa vyungu hasa vilikuwa vichache. Vingi ni madebe ya mafuta ya kupikia, ndoo zilizopasuka, na pipa moja la buluu lililokatwa nusu. Nilikuwa na mrehani, mchaichai, pilipili mbuzi, bilingani, sukuma wiki kwenye gunia, na mdimu ndani ya lile pipa uliokuwa ukizaa mpaka nagawia majirani. Na asumini, Somo. Alasiri nilikuwa nikipanda na ndoo mbili za maji, na adhana ya magharibi hunikuta nachuma vitumba vingali vimefumba. Kisha mimi na binti yangu tukikaa tukifunga vikuba, vile vishada vya maua ya kujipamba, na kukiwa na harusi mtaani watoto huja kubisha mlango kuvitaka.

Mwaka jana babake watoto alistaafu, na Disemba tukahamia nyumba tuliyoijenga pole pole huku Bamburi, upande wa juu wa barabara ya Malindi. Ploti ni ya 50 kwa 100. Kila aliyekuja kutupa hongera alinambia neno lile lile: sasa umepata ardhi, utalima mpaka uchoke. Na kweli nimechoka, ila sijalima.

Wiki ya pili tu nilikwenda kununua miche kama mtu aliyeshinda njaa siku tatu. Miembe 6, minazi 4, midimu 3, mkomamanga, mstafeli, mipapai. Nikaipanga kandokando ya ukuta kuzunguka ploti yote, isije ikasongamana kama kule darini. Katikati nikamwaga mbegu za mchicha na bamia. Kijana aliyekuwa akinichimbia alifika shubiri moja, mtaimbo ukalia ngaa! Jiwe. Kila shimo likawa kazi ya siku nzima, na mwisho mengine yalikuwa na kina cha sufuria nikasema basi, yatosha. Vyungu nilivyokuja navyo kwa pikapu navyo nikavimwaga ardhini. Niliona mimea imebanwa miaka mingi, acha inyooshe miguu.

Sasa ni mwisho wa Februari. Mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, tena usiku wa manane. Kisima cha jirani wa nyuma hakikauki, lakini maji yake ni ya chumvi. Nilivuta mpira nikamwagilia hayo hayo. Baada ya wiki mbili majani ya midimu yakaungua kingo kama karatasi iliyopitiwa na moto. Mitatu yote imekufa. Miembe miwili imekufa. Mchicha ulikuwa umeota na mvua za mwisho za Disemba, ukaliwa na konokono wakubwa kama ngumi. Rehani, pilipili, bilingani, vyote vya darini vimekwenda. Kilichobaki ni chungu kimoja, nacho ni kwa sababu nilikisahau nyuma ya tangi siku ya kushusha mizigo: asumini ya marehemu mamangu, aliyonikatia kwake nilipoolewa. Nilipoiona ina majani mabichi nililia.

Babake watoto asema tutie kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, uwanja mzima, tuache kufukuzana na maji. Binti yangu ameolewa Tudor, ana roshani ya kutosha kiti kimoja. Alichukua vyungu 4 kabla hatujahama na vyote vimenawiri. Hunitumia picha, anicheke. Na jirani yangu wa kando, mama wa Kigiriama, uwanja wake ni kama wangu na sijamwona na mpira hata siku moja, lakini zile mvua za Disemba alikuwa akichuma mboga kila jioni. Naona haya kumuuliza. Mimi ndiye mwenye ukuta na geti.

Nifanye nini, Somo? Nikubali kabro? Kuna mtu ameniahidi lori la udongo mwekundu, ninunue? Na hii asumini, niipande ardhini ipate nafasi au niiache chunguni?

Wa Dari, Bamburi

SOMO AJIBU

Waaleikum salaam mwanangu, na pole kwa midimu.

Nianze na asumini, kwa sababu barua yako yote naiona inazunguka chungu hicho. Usiipande ardhini. Iache hapo hapo nyuma ya tangi, usiisogeze hata hatua moja. Umejiuliza kwa nini katika vyote hicho ndicho kilichopona, na hukukimwagilia? Nitabahatisha: koki ya tangi yadondosha, na wewe hujaiona kwa sababu tone linaangukia chunguni. Tangi lenyewe linaitilia kivuli jua la saa saba. Na ukuta uko karibu, unakata upepo kama ule wa darini. Katika ploti nzima, hapo ndipo mahali pekee panapofanana na Kibokoni. Mimea mingine uliitoa kwenye kivuli cha ukuta na udongo laini na mkono uliokuwa ukiipitia kila alasiri, ukaitia kwenye jiwe, kaskazi ikivuma, mbali na mlango wa jikoni. Kukosa nafasi hakukuiua. Kuipata ndiko kulikoiua.

Usijione peke yako. Mimi nilihama kinyume chako. Nilitoka Jomvu, kwenye minazi na mihogo, nikaingia nyumba ya chumba na ukumbi Majengo, na msimu wa kwanza nikapanda mahindi kwenye madebe. Yalifika goti, yakasimama hapo yananitazama. Aliyezoea shamba hulima debe kama shamba, na aliyezoea debe akipewa shamba hutaka kulijaza siku moja.

Sasa tuhesabu maji, maana Mombasa bustani hupimwa kwa mtungi kwanza, futi baadaye. Vyungu vyako 31 vilikuwa vikinywa kama lita moja kimoja, yaani mtungi mmoja na nusu wa lita 20. Ndizo zile ndoo zako mbili. Ploti ya 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 465. Toa nyumba, toa pa kuweka gari, toa shimo la choo, tuseme zimebaki 300. Ukitaka kuzilowesha 300 hizo sentimita moja tu ya maji, ni lita 3,000. Mitungi 150! Hamali wa mkokoteni atadhani umefungua hoteli.

Mboga kwenye jua la kaskazi hutaka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ukiwa na mitungi mitatu ya kutumia nje bila ya kugombana na mtu ndani, hizo ni lita 60, nazo zatosha mita 12. Dari yako ilikuwa mita 22. Kwa hivyo bustani yako ya mwaka huu ni kama nusu ya ile uliyoiacha Kibokoni. Najua si habari uliyotaka kuisikia baada ya kuhamia kwenye ardhi yako mwenyewe, lakini ndiyo hesabu, na itakupa mboga.

Maji ya kuongezea yamo humo humo ndani. Mkiwa watu wanne, mkitawadha nyumbani mara tatu kwa siku, kila mmoja lita mbili, ni lita 24 zinazoingia shimoni zikiwa safi. Weka beseni, au mwambie fundi akutolee paipu kutoka pale pa kutawadhia hadi kwenye mboga. Maji ya kuoshea mchele usiyamwage. Ya bafuni yenye sabuni yaelekeze kwenye migomba miwili mitatu nyuma ya nyumba, mgomba haubagui. Na gata za paa ziwekwe sasa hivi, kabla ya mvua za mwaka, yaani masika. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 10 hutoa karibu lita 1,000, kidogo tu kitapotea. Ukifika Mei, ambao ndio mwezi wetu wa mvua nyingi, utatafuta pa kuyaweka.

Kisima cha jirani nacho usikiogope, kijulie wateja wake. Minazi itayanywa maji yale bila ya kulalamika, maana mnazi ni mtoto wa ufuoni. Ndimu, chungwa na jamaa zao ndio wa kwanza kuungua, na mwembe haupendi pia. Midimu yako ilikuwa na adui wa pili: udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, na mdimu ukipandwa humo majani hugeuka manjano, mishipa peke yake ikabaki kijani. Hata ungekuwa na maji matamu, ungekuja kuniandikia mwakani kwa hilo. Ukitaka ndimu tena, rudia pipa lako la buluu. Lilikuzalia miaka yote hiyo, na sioni aibu ya mwenye ploti kuwa na pipa.

Lori la udongo mwekundu, hapana. Hujui limetoka shamba gani na limebeba ndago kiasi gani, na gugu hilo likishaingia hutalitoa mpaka wajukuu waolewe. Tena udongo uliomwagwa juu ya jiwe bila ya kuzuiwa, mvua ya Mei itauteremsha mpaka barabarani.

Badala ya lori, Jumamosi moja mchukue babake watoto mwende Haller Park, si mbali na kwenu. Ule msitu mnaotembea chini yake ulikuwa timbo la kuchimbia mawe ya kiwanda cha simenti. Jiwe jeupe tupu, hakuna hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti mle. Mingi aliyoijaribu ilikufa, kama yako, na iliyotia fora ni mvinje. Lakini majani ya mvinje yakawa yanaanguka tu na kurundikana bila ya kuoza, udongo haupatikani. Basi wakaletwa majongoo. Jongoo akala majani yale, akanya, na kinyesi chake ndicho kilichoanza kuwa udongo. Simameni hapo chini ya mvinje, mchimbe kwa kidole, mwone. Udongo wa Bamburi hutengenezwa kutoka juu kuteremka chini. Wewe umekuwa ukiutafuta chini kwa mtaimbo.

Kwa hivyo mawe aliyoyang'oa yule kijana usiyatupe. Yapange uwe na vitanda viwili, kila kimoja mita 1.2 kwa 5, kimo cha nusu goti, karibu na lile tangi. Chini tia makumbi ya nazi, juu yake majani makavu, samadi ya mbuzi, maganda ya jikoni, na juu kabisa udongo wako mwenyewe uliochekechwa. Lowesha, funika kwa makuti kuukuu, uviache vitulie mpaka mvua. Konokono utawaokota usiku kwa tochi, watachukua beseni, na hakuna dawa inayoshinda hiyo. Na tafadhali, kama nyumbani kwako majani hufagiliwa na kuchomwa asubuhi, komesha leo. Nikipita mitaa ya huko kila uwanja una moshi, na kila mwenye moshi utamkuta sokoni Jumapili akinunua mbolea.

Miembe: imebaki minne, chagua mmoja. Mwembe ukishakua hutaka mita 8 mpaka 10 kutoka kwa mwenziwe, na upana wote wa ploti yako ni mita 15. Uwe mbali na tangi na shimo la choo. Minazi bakisha miwili, kwenye pembe ambazo nazi ikidondoka haitakuta gari wala kichwa cha mtu. Mingine ing'oe mvua zikianza, ingali midogo, ugawe. Mpapai ndio wa kukufariji haraka, panda mitatu minne uone ipi itazaa, maana mingine hutoka midume ikatoa maua tu.

Kabro, mwambie babake watoto amepata nusu. Atie kutoka getini hadi mlangoni, na mahali pa gari, na pa kuweka viti jioni. Asitie zaidi. Kabro ikishika jua huwa kikaango, nyumba italala na joto mpaka saa sita usiku, na maji ya mvua yatakimbia badala ya kuzama. Akikataa, mtoe nje saa nane mchana bila ya viatu, asimame kwenye kabro ya yeyote mtaani. Sehemu iliyobaki, na ni kubwa, huna haja ya kuipendezesha. Mvua zikianza mwaga kunde na upande viazi vitamu, upate matembele. Vitatambaa, vitafunika jiwe, vitajinywea mvua vyenyewe. Mvua zikiisha vitakauka, navyo ni chakula cha vitanda vyako. Wakati wa kaskazi eneo hilo litakuwa kavu na baya kutazama. Liwe.

Binti yako anakucheka kwa haki yake, kwa sababu alichofanya ni kuhamisha Kibokoni ikiwa nzima nzima, vyungu 4 na kiti. Mwambie tu asiongeze pipa. Udongo uliolowa ni mzito, na roshani ya watu haikujengwa kubeba shamba.

Sasa rudi kwa asumini. Chungu kimoja ni kidogo mno kwa kitu cha marehemu mama. Tafuta tawi refu la chini, liinamishe kwenye kopo jingine lenye udongo, libane kwa jiwe, ulimwagilie lakini usilikate. Likishatoa mizizi ndipo ulitenge na mamake. Pia kata vitawi vya urefu wa kalamu, visivyo vichanga wala vikavu, utoe majani ya chini, uvichomeke kwenye mchanga na mboji kivulini, ufunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Mwezi mmoja mpaka mmoja na nusu vitashika. Kata sita, vikishika vitatu shukuru. Kimoja kikae karibu na mlango wa jikoni, upande wa nyumba usioelekea bahari, maana kusi ikianza Aprili upepo wake una chumvi. Ukitaka hicho kiingie ardhini, kiingie Mei. Cha pili kipeleke Tudor.

Cha tatu ni cha yule jirani. Usingoje kishike ndipo umwendee. Kesho pika vitumbua, umpelekee sahani, ubishe kwake kama ulivyokuwa ukibishiwa Kibokoni. Muulize alipanda lini zile mboga, nami nakuhakikishia atakwambia alipanda siku mvua ilipoanza, wala hakusubiri kununua chochote. Muulize mnavu, muulize mtsunga, muulize mrenda, mboga ipi inaota wapi. Sahani hairudi tupu, wajua mwenyewe. Itarudi na mbegu zimefungwa kwenye kitambaa. Na asumini yake ikishachanua utakuwa na mtu wa kufunga naye vikuba.

Niandikie mwezi wa Juni. Na huo mwembe utakaoubakisha, ikiwa ni wa embe ngowe, usinisahau kabla tumbili hawajaujua.

Somo